Mafuta ya Mawese Juu ya Gari ya Masista

Kabla Bibiane hajawa muke wa fundi, alikuwa muoshaji wa mabidoni. Kule Zongwe, kando ya ziwa, mama yake alikuwa ananunua mabidoni ya plastiki yaliyokwisha kubeba mafuta ya mawese, anawauzia wavuvi ya kuwekea maji ya kunywa. Kazi ya kuosha ilikuwa ya Bibiane. Na muntu ambaye hajaosha bidoni ya mawese asiseme anajua kuosha. Chuma ukikipangusa, mafuta yanatoka, kwisha. Plastiki hapana. Plastiki inameza. Unasugua kwa majivu na sabuni, unaona imetakata, unaianika juani, saa sita unarudi unakuta imetoka jasho la mafuta sawa mugonjwa wa homa. Unaosha tena. Kesho yake inatoka jasho tena, lakini kidogo. Siku ya tatu njo inanyamaza.

Na namna ya kujua iko safi ni moja tu: mwagia maji. Maji yakikimbiana na kuwa shanga shanga, mafuta yangali ndani. Maji yakitandaa sawa shuka, umeshinda.

Hayo Bibiane aliyajua akiwa na miaka tisa. Masomo mengine hakupata mengi, maana minerval, ile feza ya masomo, ilikuwa ya kaka zake. Alijua kuandika jina lake na kuhesabu, na hakuona kwamba wenye karatasi walimupita kwa kitu kikubwa.

Germain alimukuta huko huko Zongwe. Alikuwa amekuja na mutumbwi wa mashine kupaka rangi mulango wa kanisa dogo. Kwa biro, zile ofisi za serikali, alikuwa Citoyen Banza, Mwananchi Banza, juu wakati ule majina ya kizungu yalikatazwa Zaire muzima. Kwa nyumba na kwa kanisa alibaki Germain. Alikuwa amejifunza rangi kwenye mabehewa ya reli, na mukono wake ulikuwa mwepesi. Alipaka ule mulango watu wakaogopa kuufungua. Bibiane naye aliuangalia, akasema, "Si mubaya." Germain alicheka. Wakaoana, wakahamia Kalemie, wakamuzaa Emilie. Germain hakupenda kuamriwa, akaacha kazi ya watu, akajenga kibanda cha mabati kwenye barabara inayoshuka muto Lukuga, akaanza kupaka magari.

Zamani zile kukawa kunaingia pikipiki za porini, zile za waganga wa dispansari na makatekista, zenye plastiki juu ya magurudumu ya kuzuia matope. Jua la huku na changarawe za njia ya Moba vilizila zile plastiki vibaya. Nyekundu ikawa pinki, pinki ikawa nyeupe sawa mudomo wa mutoto mwenye njaa, kisha zikapasuka. Na kulikuwa gari moja ambayo mwili wake wote ulikuwa plastiki, ile Méhari ya masista wa dispansari. Watu waliiita gari ya ndoo. Ilikuwa nyepesi, ikizama kwenye matope wanaume wane wanaiinua, wanaiweka pembeni.

Mara ya kwanza Germain aliletewa plastiki ya pikipiki, aliisafisha kwa esanse, ile petroli ya magari, sawa alivyofundishwa kwa chuma. Ile kitu ikalegea, ikajikunja sawa jani la kufungia chikwanga ya muhogo. Bibiane alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaleta majivu yake. Tangu siku ile yeye aliosha na kusugua, bwana akapaka. Kuna dawa moja Germain aliivumbua mwenyewe, na asinyimwe haki yake: alivunja vipande vya plastiki ya zamani, akavitia ndani ya ile dawa wanawake wanatolea rangi ya kucha, vikalala usiku kucha, asubuhi vimekuwa uji. Ule uji ukiutia kwenye ufa, ukikauka, ni plastiki tupu. Watu walitoka mpaka Moba kuja kuona.

Lakini wateja walisema, "Fundi Germain anafufua plastiki." Hakuna aliyesema Bibiane. Naye Germain hakuwasahihisha. Bibiane alisikia, akaweka moyoni.

Ikafika mwaka wa themanini na moja. Kazi ilikuwa imepunguka, na Germain alikuwa amepata neno kutoka kwa jamaa yake: kuna nafasi ya kazi Piana-Mwanga, kule kwenye maji yanayotoa umeme wa Manono. Hakutaka kwenda. Bibiane hakutaka aende. Njo pale Sista Martine, mukubwa wa dispansari, akaita Germain, akamwambia: kijana wa Moba amepewa upadri, siku ya yenga, ile ya misa, anafika bandarini kwa mashua, na gari ya ndoo njo itamupandisha kanisani. Iwe nyeupe, iwe mupya. Ikitoka vizuri, pikipiki zote na magari yote ya misioni, mpaka ya milimani, yatakuwa kazi ya Germain kila mwaka. Germain alirudi nyumbani anapiga mbinja.

"Mama Emilie," alisema, "hii gari ikitoka vizuri, Piana-Mwanga wataniona kwenye picha tu."

Siku ya pili ya juma, saa mbili asubuhi, Papa Adalbert, dereva wa masista, akaleta gari. Pale kibandani alikuwako pia Papa Fidèle, Mubembe mufanyabiashara wa ziwani, mutu wa maneno mengi, anangojea pikipiki yake. Bibiane aliizunguka ile gari. Akaikwaruza kwa ukucha. Akanusa.

"Papa Adalbert, hii gari unaipaka nini?"

"Mawese, mama!" Adalbert alisema kwa furaha. "Kila siku ya posho naipaka mwili muzima, ili siku ya yenga ing'ae mbele ya kanisa. Sista anafikiri ni sabuni."

"Tangu lini?"

"Tangu ilianza kupauka. Miaka sita."

"Ee, Papa Adalbert," Fidèle akadakia, "umeilisha mawese kuliko watoto wako. Angalia ilivyonona!"

Wakacheka wote, na Bibiane alicheka kidogo. Kisha akamugeukia bwana yake. "Baba Emilie, hii inataka siku tatu za kuosha. Imekula mafuta mpaka mufupani."

Germain alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Kuosha, kuziba nyufa, kusugua, rangi ya kwanza, rangi ya pili, kukauka. Siku tatu za kuosha hakuwa nazo. Angesema hivyo tu, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa mbele ya watu.

"Mama Emilie, hapa fundi ni mumoja," alisema. "Tangu lini sahani inafundisha mupishi? Osha mara moja. Mara tatu utaosha sufuria zako."

Papa Fidèle alicheka akapiga paja. Adalbert naye akacheka, juu ya adabu tu. Bibiane alichukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Aliosha mara moja. Na aliosha vizuri, muntu asimuseme: majivu, sabuni, kila kona. Saa sita, jua likiwa kali, gari ikatoka jasho. Aliona. Akachukua kikombe, akamwaga maji kidogo juu ya boneti. Maji yakakimbiana, yakawa shanga, yakakaa yanamuangalia sawa macho ya samaki. Bibiane naye akayaangalia. Halafu akachukua kitambaa, akayapangusa.

Yalikuwa mambo ya kitambaa kimoja tu.

Kesho yake Germain akaziba nyufa kwa uji wake. Kesho kutwa wakasugua. Jioni, jua lingaliko, Germain alitoka na pistole ya kupulizia rangi mukononi, na pale hapakuwa mutu mwingine. Akasimama. Hakuwa mujinga, Germain. Alipitisha kidole juu ya mulango wa gari, akakiangalia kile kidole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani:

"Mama Emilie, iko safi?"

"Nimeosha sawa ulivyosema."

"Najua nilivyosema. Nauliza: iko safi?"

Mulango ulikuwa wazi pale. Alihitaji kusema neno moja, "Bado." Wangepaka siku iliyofuata, wangeomba Sista awape siku moja zaidi, wangeosha wote wawili mpaka giza. Bibiane alijua. Lakini kicheko cha Fidèle kilikuwa kingali masikioni mwake.

"Fundi ni mumoja," alisema. "Mumuulize."

Germain alimuangalia. Naye alikuwa na kiburi chake. Akatema mate pembeni, akafunga kitambaa puani, akaanza kupaka. Na alipaka! Gari ilitoka nyeupe sawa sahani mupya ya duka. Siku ya posho Papa Adalbert alipokuja kuichukua, alivua kofia.

Siku ya yenga, watu walijaa bandarini. Gari ilipambwa sawa desturi: matawi ya mingazi, ile miti ya mawese, yalifungwa mbele kwa kamba, vitenge vya mama wa kanisa vilitandikwa juu ya boneti, vikafungwa vikaze. Padri mupya akapanda, akasimama nyuma ameshika chuma, kanzu yake nyeupe, anapunga mukono. Papa Adalbert aliendesha polepole kupanda kilima, akina mama wanaimba, wanasukumana, wanashika gari kwa mikono, wanaipigapiga sawa ngoma. Jua lilikuwa kali ajabu. Bibiane alikuwa katikati ya wale mama, na alikuwa haimbi.

Walipofika mbele ya kanisa, wakaanza kufungua mapambo. Kamba ikatoka, na rangi ikatoka nayo. Kitenge cha mama mumoja kikainuliwa, na chini yake kukainuka kitambaa kingine cheupe, laini, kipana sawa kitenge chenyewe. Yule mama akapiga kelele:

"Yesu wangu! Gari inamenyeka!"

Kila aliyegusa alitoka na kipande. Rangi ilitoka sawa ganda la muhogo uliochemushwa, vipande virefu, na chini yake ile rangi ya machungwa ya zamani, imepauka, inang'aa mafuta. Padri akashuka, na kipande kirefu kikashuka naye, kimeshika kanzu yake nyuma sawa mukia. Kijana mumoja akaita, "Gari ya ndoo imevua shati!" Basi. Kanisa muzima likacheka, na kicheko kikaingia mpaka ndani ya misa. Padri mwenyewe alipofika kwa "Bwana awe nanyi" mabega yalimutetemeka.

Sista Martine hakucheka na hakukasirika. Alimupita Germain pale mulangoni, akasema, "Citoyen Banza," akaendelea. Miaka yote alikuwa anamwita Germain.

Nyumbani, Germain alikaa juu ya kiti kidogo na kipande cha rangi mukononi. Alikigeuza huku na huku.

"Mukono wangu," alisema. "Niliharakisha rangi ya pili. Ama niliichanganya nyepesi mno."

Bibiane alikuwa anasonga bukari. Moyoni alisema: akiniuliza tena, nitasema. Ameniuliza mara mbili. Akiuliza ya tatu, nasema yote. Germain hakuuliza. Alikula, akanawa, akaenda kulala mapema. Na siku zilizofuata vilevile: yeye anajilaumu kwa sauti, muke anamusikiliza, chungu kinachemuka.

Kazi ya misioni haikuja. Juma moja baadaye Germain alipanda lori la Kiambi, njia ya Piana-Mwanga, juu ya magunia ya ndagala, wale dagaa wa ziwa. Emilie, miaka sita, alilia. Bibiane alimupa bwana yake kifuko cha chakula. Germain aliinama kutoka juu.

"Nikipata nyumba, nitawaita."

Bibiane alifungua mudomo. Neno lilifika hapa, kwenye meno. Akasema, "Chunga kofia yako, upepo utaichukua." Lori likaondoka.

Salamu zilikuja mara mbili, na shati la Emilie. Kisha kimya.

Bibiane hakufunga kibanda. Alijifunza kushika pistole. Mukono wake ulikuwa muzito, rangi yake haikulala sawa ya Germain, na hilo alilijua kuliko wote. Lakini rangi yake haikutoka kamwe, juu hakupaka kitu kabla maji hayajatandaa. Miaka ikapita, watu wakamupa jina Mama Plastiki. Waganga waliokuja na pikipiki zimekwanguka walisema, "Mama, wewe ni fundi kumupita bwana yako!" Wakisema hivyo, alichukua majivu, akaanza kusugua tena kitu kilichokwisha kutakata. Hakuwaeleza kwa nini.

Miaka tisa ikawa imepita. Siku moja mchana Papa Fidèle akasimamisha pikipiki mbele ya kibanda. Amezeeka, lakini mudomo ni ule ule.

"Mama Plastiki! Nimeona bwana yako."

Bibiane hakuacha kusugua. "Wapi?"

"Piana-Mwanga. Nilipita huko na samaki. Anachunga stoo."

"Na kupaka, anapaka nini?"

"Hapaki kitu. Nilimwambia, Germain, niangalilie hii plastiki yangu, wewe mufufuaji. Akakataa kabisa! Aliniambia, 'Papa Fidèle, mikono hii iliharibu gari ya masista mbele ya Padri na wakristo wote. Sitaharibu ya mwingine.' Nilifikiri ni mchezo. Mama, yule mutu hashiki hata burashi ya chokaa."

Bibiane aliacha kusugua. Miaka tisa alikuwa amejiandaa kwa bwana mwenye hasira juu yake. Alikuwa na majibu yote tayari. Hakuwahi kufikiri kwamba Germain hakumukasirikia hata siku moja. Kwamba alikuwa ameihukumu mikono yake mwenyewe, akaifunga, kwa kosa ambalo halikuwa la mikono.

"Lori la Kiambi linatoka lini?" aliuliza.

Alimuacha Emilie kwa jirani. Alipanda lori siku mbili, akavuka muto Luvua, akalipa kijana wa baiskeli, na pale njia ilipokuwa mbaya akatembea. Alifika Piana-Mwanga asubuhi. Nyumba aliyoonyeshwa ilikuwa na mwanamuke kijana anatwanga, mutoto mugongoni, mwingine anashika kitenge chake.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Mimi ni Mama Emilie."

Yule mwanamuke, jina lake Odile, aliacha muchi ndani ya kinu. Akapiga magoti kidogo, akapangusa kiti kwa upande wa kitenge chake. "Karibu, yaya, dada yangu mukubwa. Kaa. Nitamwita."

Germain alikuja. Kichwa kimeanza kuwa cheupe. Hawakupeana mikono mara moja.

"Emilie muzima?"

"Muzima. Anakaribia kukupita urefu."

"Utakula kwanza."

"Nitasema kwanza. Nimebeba neno kutoka Kalemie, likikaa tena litaniua." Akabaki amesimama. "Ile gari ilikuwa na mafuta. Niliyaona. Nilimwaga maji nikayaona, nikayapangusa na kitambaa. Uliponiuliza iko safi, nilijua haiko safi."

Kutoka kwa lile boma la maji ya umeme kulisikika muvumo, siku zote unavuma pale, wenyeji hawausikii tena. Germain alifungua viganja vyake, akaviangalia.

"Haikuwa rangi ya pili? Niliiharakisha."

"Rangi ilikuwa nzuri."

"Haikuwa nyepesi?"

"Ilikuwa nzuri, Baba Emilie. Mukono wako ulikuwa muzuri. Kalemie muzima hakukuwa mukono sawa ule, na mpaka leo hakuna."

Hilo neno alipaswa kulisema Zongwe, mbele ya mulango wa kanisa. Germain alikaa chini polepole sawa mutu mwenye maumivu ya mugongo.

"Ungesema nikiwa juu ya lori," alisema, "ningeshuka." Hakuwa na hasira, hesabu tu. "Ungesema mwaka wa kwanza, ningerudi kwa miguu." Akaangalia upande wa Odile, aliyekuwa anapuliza moto na mutoto mugongoni. "Sasa nishukie wapi?"

Kulikuwa na jibu. Bibiane alikuwa amelibeba miaka tisa, amelinoa: Na wewe je, nani aliniita sahani mbele ya watu? Lilikuwa jibu la haki. Alilitafuta mudomoni, akakuta halina nguvu ya kubeba kitu.

"Unisamehe," alisema.

"Nimesamehe," Germain alijibu haraka, sawa mutu anayempa mupita njia maji ya kunywa. Na wepesi ule ulimuumiza Bibiane kuliko matusi.

Odile alileta bukari na samaki wa Luvua. Walikula, wakazungumza habari za Zongwe, za waliokufa, za bei ya ndagala. Kesho yake Bibiane aliondoka. Hakuna aliyemwambia abaki.

Aliporudi Kalemie, Emilie alimukimbilia mpaka barabarani. Kibandani wateja wawili walikuwa wanangoja, muganga mumoja na katekista.

"Mama, baba anarudi?"

"Hapana," Bibiane alisema.

"Kwa nini? Tulimukosea nini?"

Bibiane aliweka kifuko chini. Angeweza kumupeleka mutoto ndani na kufunga mulango. Wateja walikuwa wanasikiliza, na katekista yule alikuwa na mudomo. Aliwaangalia, akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza, akaanza kusema. Alisema yote, mawese ya Papa Adalbert, kile kikombe cha maji, kile kitambaa, na namna alivyoulizwa mara mbili. Emilie alisikiliza amesimama. Mwishoni hakulia, aliuliza tu, "Na ulijua?" Bibiane akasema, "Nilijua." Emilie akaingia ndani.

Katekista alikohoa. Akasimama, akachukua plastiki ya pikipiki yake pale ukutani, haijapakwa bado, akaiweka kwapani, akaaga vizuri kwa adabu, akaenda. Bibiane hakumwita. Alimugeukia muganga, ambaye alikuwa bado amekaa anaangalia viatu vyake, akamwambia yake bado siku mbili za kuosha.